Kabla hujaitupa mashine ya ndevu, ifungue

Jumatatu saluni huwa imelala. Wateja wa Jumapili wameshapita, na wale wa kunyoa kabla ya swala ya Ijumaa bado ndevu hazijawaota. Nilikuwa barazani na chai yangu, akaja mwalimu wangu wa darasa la tano. Siku hizi amestaafu, anakaa Shangani, hapa hapa Mtwara mjini. Nikasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa umalize chai." Akaweka juu ya benchi kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Wewe unawajua hawa vijana wanaonunua vyuma chakavu. Wape hii. Imekufa."

Ndani ya gazeti mlikuwa na mashine ya ndevu ya umeme, ile ya vichwa vitatu vya duara, zawadi ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Nikaiwasha. Ikawaka, lakini sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea kajifunika blanketi. Mwalimu akanieleza ugonjwa wake: ikigusa shavu inavuta ndevu badala ya kuzikata, inapata moto, na shingo inamtoka vipele. Nikafungua kichwa juu ya lile gazeti lake, nikagonga mara moja. Kikaanguka kipande kizima cha nywele zilizogandamana, kijivu, kina umbo lilelile la chumba kilimokuwa kimelala, kama kitumbua kilichotoka kwenye tundu la chuma chake.

Mwalimu akainama, akatazama kwa muda.

"Hizo zote zangu?"

"Zako, mwalimu. Na za mwaka juzi zimo."

Mwenyewe aliapa kwamba kila siku alikuwa akiifuta. Ni kweli aliifuta, ila kwa nje. Na hapo ndipo wengi tunapokwama. Nimeshika mashine tangu 2006, nikianzia Mikindani kwa mjomba, sasa niko hapa Chikongola, na mashine nyingi ninazoletewa kama maiti hazina ubovu wowote. Zimekabwa koo tu. Kwa hiyo nitaeleza namna ya kuzifungua aina tatu tulizo nazo huku, na nitakaa zaidi pale ambapo watu huharibu.

Kinachotokea mle ndani

Nywele ya kichwani ukiikata inaanguka sakafuni, unaiona, unaifagia. Ndevu ya siku moja ni tofauti. Ikikatwa inakuwa kama vumbi, na mashine imetengenezwa makusudi ilimeze vumbi hilo lisikurukie puani. Huko ndani linakutana na jasho, mafuta ya ngozi na magamba madogo ya ngozi yanayokwanguka pamoja na ndevu. Kama ulijipaka losheni kwanza, nayo imo. Vyote vinakandika kama udongo wa ukuta.

Sasa bledi ya ndani inakata kwa kuteleza huku ikiwa imegusana na chuma cha nje. Unywele unaingia kwenye tundu la chuma cha nje, bledi inapita, unakatika. Uchafu ukijaa katikati, vyuma viwili vinaachana kidogo sana, pengine hata jicho halioni, na unywele badala ya kukatika unapindwa na kuvutwa. Ndiyo ile unayosema "inang'ata". Mota nayo inasukuma uji mzito, inakula chaji, inapata moto. Wewe unakandamiza zaidi ili ikate. Shingo inawaka. Kisha unailaumu bledi kwamba butu, unaingia dukani.

Huku kwetu yapo mawili zaidi. La kwanza ni hewa ya chumvi. Wavuvi wa Msangamkuu wakivuka kuja mjini, ndevu zao zina chumvi iliyokaukia na punje za mchanga, na mchanga kwenye bledi ni msasa. Mwaka fulani nilimnyoa nahodha mmoja jioni, nikafunga saluni bila kufungua mashine, kesho yake nikasafiri kwenda msibani Ndanda. Kurudi baada ya siku tatu nikakuta madoa ya kutu kwenye meno ya bledi, mekundu kama chai. La pili ni msimu wa korosho. Oktoba mpaka Desemba, minada ikichangamka, watu wanashuka kutoka Newala na Tandahimba wakiwa na pesa na vumbi la njia nzima kichwani. Siku hizo nafungua mashine mara mbili tatu kwa siku. Siku za kawaida, jioni tu.

Jifunze mlio wa mashine yako ikiwa safi. Hilo linakusaidia kuliko tarehe yoyote ya kuandika ukutani. Sauti ikishuka, ikawa nzito au ikaanza kukwaruza, nywele zimejaa. Usisubiri vipele vikuambie.

Vitu vya kuwa navyo

Mswaki wa zamani wenye nywele laini. Bisibisi ndogo ya nyota. Kitambaa cha pamba, kipande cha fulana kinatosha. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa. Mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi kali, kichupa kimoja kitakukaa mwaka. Gazeti la kutandika. Na unyoya wa kuku.

Usicheke. Mjomba alikuwa na unyoya wa jogoo aliouchomeka nyuma ya kioo, na alisafishia nao sehemu ambazo mswaki ungeziumiza. Mpaka leo sijaona brashi ya dukani inayoingia kwenye pembe kama ncha ya unyoya.

Kama una pampu ya baiskeli, ilete. Inapuliza nywele kutoka kwenye vichochoro vizuri sana. Kwa mdomo usipulize, kwa sababu pumzi ina mate, mate yanagandisha zile zilizobaki, na zilizotoka zinakuingia machoni.

Kisha zima mashine, chomoa waya ukutani, na uitoe kwenye chaja. Sizungumzii hatari ya umeme peke yake. Spiriti inashika moto, na mota zinaweza kutoa cheche. Nimeona kijana akifuta bledi kwa spiriti huku mashine inazunguka ili "ijisafishe yenyewe". Alibahatika, akapoteza nyusi tu.

Ya vichwa vitatu, kama ya mwalimu

Bonyeza kitufe cha pembeni, kichwa kinafunguka kama kifuniko cha birika. Hapo utaona chumba cha nywele. Mwaga, gonga kidogo kwenye kiganja, si kwenye meza. Wengi wanaishia hapa wakiamini wamesafisha. Hujafika bado.

Geuza kichwa, tazama upande wa ndani. Kuna fremu ya plastiki inayoshikilia vile viduara vitatu. Nyingine ina kitufe cha katikati cha kuzungusha, nyingine ina vibanio vya kubana pembeni. Itoe. Sasa kila kiduara kina vipande viwili: kikombe cha nje chenye nyufa nyembamba, na bledi ya ndani yenye miguu mingi kama kaa. Nywele zilizokaba zimo kati ya hivyo viwili, na nyingine zimejizungushia kwenye vijiti vinavyobeba bledi kutoka kwenye mota. Zile za kwenye vijiti zing'oe kwa kucha au kwa kijiti cha meno, zinatoka kama uzi.

Hapa sikiliza vizuri. Toa jozi moja, isafishe, irudishe mahali pake, ndipo uguse ya pili. Usimwage vipande vyote sita kwenye sahani ukavisugua kwa pamoja kama unaosha vijiko. Kila bledi imezoeana na kikombe chake, zimesagana kwa miezi kama jiwe la kusagia na mwenzake, na ukizibadilisha wenza mashine itakata vibaya kwa wiki kadhaa mpaka zizoeane upya. Yapo mambo ambayo nimeyajua kwa kusoma karatasi ya maelekezo. Hili nililijua kwa kumwaga vyote sita, tena mashine ya mteja. Mashine ililalamika, na mteja akalalamika.

Kikombe kisugue kwa mswaki kutoka ndani kwenda nje, si kinyume chake, maana ukisukuma kutoka nje unazirudisha nywele zilikokuwa. Nyufa zikiwa zimeziba kabisa kwa ule ukoko wa mafuta, ziloweke kwenye spiriti kidogo dakika tano, kisha mswaki. Mwalimu tuliloweka vikombe viwili kati ya vitatu. Kimoja maji yake yaligeuka kama ya kuoshea vyungu.

Wakati vinaloweka ndipo akaanza somo, kwa kuwa mwalimu hastaafu. Akaniambia mashine ya kwanza ya ndevu ya umeme iliyoingia sokoni ilikuwa ya mwanajeshi mstaafu wa Marekani, Jacob Schick, mwaka 1931, na kwamba hii ya kuzunguka ilitoka Uholanzi, kazi ya mhandisi wa Philips aitwaye Alexandre Horowitz, mwaka 1939, wakati huo ikiwa na kichwa kimoja tu. Nikamuuliza kama hao wazungu nao walikuwa hawafungui ndani. Hakujibu.

Ya wavu

Hii ni ile ambayo juu ina wavu mwembamba wa chuma, na ndani bledi inakwenda kulia na kushoto. Vinyozi wengi tunaitumia kumalizia kipara au shingo. Wateja huiita sheva tu, na jina hilo limeshakaa.

Wavu ndio roho yake, na ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Uwe na adabu nao. Bana vitufe vya pembeni, utoe wavu pamoja na fremu yake, ugonge fremu taratibu juu ya gazeti ukiwa umeishika kwa plastiki. Usiupige mswaki. Usiuguse kwa kidole kutoka nje. Kama kuna nywele zimeng'ang'ania kwa ndani, pitisha ncha ya unyoya, basi.

Mwaka wangu wa kwanza kwa mjomba niliona tundu mbili tatu za wavu zimeziba, nikachukua pini ya kufungia kanga nikaanza kuzizibua moja moja, najiona fundi. Mzee wa kwanza aliyekaa kwenye kiti baada ya hapo akaondoka na mstari mwekundu shavuni kama amekwaruzwa na paka. Pini ilikuwa imeinua ukingo wa tundu moja, kitu kidogo mno. Mjomba hakunigombeza. Alinipa wavu ule niupitishe shavuni mwangu mwenyewe, na mwisho wa mwezi akakata bei ya wavu mpya kwenye posho.

Bledi ya ndani, kwa upande wake, inavumilia. Ivute juu taratibu, ipige mswaki pande zote, hasa katikati ya vile vibati vilivyopangana kama kurasa. Chini ya bledi kuna shimo ambamo kijiti cha mota kinatokeza. Puliza na pampu. Kwenye mashine nyingi kuna pia kijino cha kukatia nywele ndefu, pembeni au katikati ya nyavu mbili. Kila mtu anakisahau. Kipige mswaki pia.

Kuosha kwa maji au kutoosha

Tazama mgongoni au chini ya mashine. Ukikuta alama ya bomba linalotiririsha maji, inaoshwa. Kama alama haipo, maji yasiiguse, hata kama muuzaji aliapa. Nimeshafungua mashine iliyooshwa kwa kuapiwa, ndani ikawa na ukungu wa kijani kwenye waya.

Kama inaoshwa, iwe imechomolewa kwenye waya, iwashe kwa betri yake, tia tone la sabuni ya maji juu ya kichwa, upitishe chini ya maji ya uvuguvugu nusu dakika. Zima, fungua, suuza ndani. Sabuni ya unga usitie, punje zake zinakwaruza. Na kama nyumbani kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya kunywa. Maji yale yakikauka yanaacha ukoko mweupe, na ukoko huo nao unakaba kama nywele.

Kosa kubwa linakuja baada ya kuosha: kuifunga ikiwa mbichi. Iache wazi, vipande vimetenganishwa, juu ya kitambaa kikavu, kivulini penye upepo, mpaka ikauke kabisa. Masika hapa Mtwara hata taulo halikauki kwa siku moja, sembuse chumba cha mashine kilichofungwa. Ikibaki na unyevu na nywele, inanuka kama kiatu cha mvua.

Mashine ya kunyolea kichwa

Hii ndiyo kazi yangu, nivumilie.

Zamani zilikuwa nyingi za waya, na bado mimi naipenda ya waya kwa kazi ndefu. Mlio wake ni wa sumaku. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, na sumaku inaivuta bledi kila nusu ya badiliko, kwa hiyo bledi inakwenda na kurudi kiasi cha mara 6,000 kwa dakika. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini unywele mmoja ulionasa unaleta joto lote lile. Na kwa kuwa nimeutaja umeme: ndugu akikuletea mashine kutoka Marekani, soma kwanza kama inakubali volti 230. Za kule nyingi ni za volti 120, na ukichomeka hapa italia kwa sauti moja kubwa, kisha harufu.

Safisha ya haraka, ya kati ya mteja na mteja: igeuze meno yatazame chini, pitisha mswaki kwenye meno, puliza na pampu, futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke. Lakini jioni, fungua.

Kabla hujagusa bisibisi, piga picha kwa simu, upande wa mbele na wa pembeni. Vijana wangu wote wawili walidhani watakumbuka bledi ilikuwa imekaa wapi. Kisha legeza skrubu mbili zinazoshika bledi kubwa, ile isiyotembea. Zitie kwenye kisoda, maana skrubu hizo zikianguka kwenye sakafu yenye nywele utazitafuta mpaka magharibi. Bledi kubwa ikitoka, ndogo nayo inatoka, na utaona sababu ya kufungua: kati ya hizo mbili, nyuma ya meno, kuna tuta la nywele fupi zilizolowa mafuta, jeusi, limeshindiliwa. Mswaki wa nje haufiki hapo hata siku moja. Likwangue kwa kijiti cha mbao, usitumie kisu, kisha futa vyuma vyote viwili kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Tazama pia kile kiplastiki na springi zinazosukuma bledi ndogo. Nywele hujisokota hapo.

Wiki shule zinapofunguliwa Januari, nafungua kila baada ya vichwa kumi. Wazazi wanaleta watoto foleni mpaka barabarani, wote kipara, na kati ya vichwa kumi hukosi chenye mapunye. Mapunye yanapanda kutoka kichwa hadi kichwa kwa mashine. Na dawa haiwezi kuua kitu kilichojificha chini ya nywele, ndiyo maana nywele zitoke kwanza, spiriti ifuate. Anayenyunyizia spiriti juu ya bledi iliyojaa nywele anafanya maonyesho kwa mteja. Vivyo hivyo ukimtoa mtu damu: simama, fungua, safisha, spiriti, subiri ikauke. Jiki usitumie, inakula chuma, wiki mbili tu meno yameshaota kutu. Na ukiuliza kwa nini asilimia 70 na si spiriti kali kuliko hiyo, ni kwamba ile kali mno inakauka kabla haijafanya kazi.

Kurudisha bledi ndiko kunakowashinda watu, wakarudi kulalamika kwamba tangu waisafishe imekuwa mbaya zaidi. Meno ya bledi ndogo, inayotembea, yakae nyuma ya meno ya kubwa, kwa kiasi kama unene wa kadi ya benki. Yakilingana au yakipita mbele, yatakata ngozi. Yakirudi nyuma sana, hazikati, zinavuta. Mistari miwili ya meno ilingane kama reli, usiache upande mmoja juu mmoja chini. Kaza skrubu ya kulia kidogo, ya kushoto kidogo, urudi kulia, mpaka zikaze zote. Ukikaza moja moja mpaka mwisho bledi inapinda. Halafu jaribu kwenye mkono wako mwenyewe, sehemu ya ndani karibu na kiwiko. Kama inakuchoma wewe, itamchoma na mteja.

Mashine ya sumaku ikipiga kelele baada ya kuifunga, usishtuke. Pembeni kuna skrubu moja peke yake. Iwashe, izungushe kidogo kidogo mpaka kelele zizidi, kisha irudishe taratibu mpaka zinyamaze. Simama hapohapo.

Mafuta, na kwa nini si ya nazi

Ukishatoa nywele na kufuta kwa spiriti, bledi imebaki uchi. Ukiinyolea hivyo inajisaga. Tia matone matatu ya mafuta ya cherehani: kushoto, katikati, kulia kwenye meno, iwashe sekunde kumi au kumi na tano meno yakitazama chini, kisha futa yaliyozidi. Ya wavu, tone moja linatosha, lipake juu ya wavu kwa ncha ya kidole, kidole kikielea tu. Ya vichwa vitatu ikiwa imeoshwa kwa sabuni, tone moja kila kichwa.

Kwetu kila nyumba ina mafuta ya nazi, na kila mtu amewahi kujaribu. Mimi nilijaribu mwaka wa pili, kichupa cha cherehani kilipoisha na sokoni hakuna. Mwezi ulikuwa Julai. Unajua kipupwe chetu, asubuhi baridi inashuka, mafuta ya nazi yanaganda chupani meupe kama samli. Yanaganda joto likishuka chini ya kama digrii 24. Basi kama yanaganda chupani, yanaganda na kwenye bledi. Asubuhi ile niliwasha mashine, ikatetemeka tu, bledi haitembei. Ikipata moto inayeyuka, inatembea, ikipoa inaganda tena, na safari hii imeganda na nywele ndani. Ilinichukua nusu siku kuisafisha. Mafuta ya alizeti nayo hayafai. Yakikaa siku nyingi yanakuwa kama gundi. Vazelini usiifikirie kabisa.

Lini ukubali imekufa kweli

Wavu ukipasuka au ukibonyea, tupa wavu, nunua wavu. Usinyolee hata shingo. Bledi yenye jino lililovunjika, vilevile. Watengenezaji wengi wanasema vichwa vibadilishwe baada ya mwaka mmoja mpaka miwili, na kwa mtu anayenyoa kila siku naona ni sawa. Betri isiyokaa hata dakika tano baada ya kusafishwa na kuchajiwa, hiyo nayo ina fundi wake. Kutu ya juu juu unaweza kuifuta kwa mafuta na kitambaa. Ikishaingia kwenye makali, basi. Mashine yangu niliyomnyolea yule nahodha niliifuta kutu yake kwa mafuta hivyo, ikanisaidia miezi minne mingine.

Kwa wa nyumbani, ratiba ni nyepesi. Kila ukinyoa, fungua chumba, mwaga, gonga. Mara moja kwa wiki, ifungue mpaka ndani kama nilivyoeleza. Ihifadhi mahali pakavu, si bafuni, na kama unakaa karibu na maji kama sisi, iviringishe kwenye kitambaa chenye harufu ya mafuta ya cherehani. Usiiweke kwenye mfuko uliofungwa pumzi.

Mashine ya mwalimu ilichukua kama dakika arobaini, nyingi ni za kuloweka. Nilipoiwasha, sauti ilikuwa nyembamba, safi. Akaipitisha shingoni akiwa amesimama mbele ya kioo, akaigeuza, akapita tena chini ya kidevu. Hakusema kitu. Akarudi kwenye benchi, akaanza kulikunja lile gazeti na mvi zake ndani, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akikunja vyeti vyetu siku ya kufunga shule.

"Acha mwalimu, nitafagia."

"Nywele za mtu huziachi barazani kwa mtu," akasema, akalitia mfukoni. Akanipa shilingi elfu tatu. Nikamrudishia elfu moja, maana kichwa sikumnyoa.